Minyororo ya Hereford: Habari za Maktaba na Nyaraka za Kanisa Kuu

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yatumiwa sana na watu wa biashara, lakini maana yake ni pana kuliko duka. Shamba, nyumba, wakfu, urithi wa yatima na haki ya mjane, vyote hutegemea kwamba pana mahali ambapo neno liliandikwa, na kwamba neno hilo halikuliwa na mchwa wala halikuteketea kwa moto. Tena daftari lenyewe ni mali, nalo likikosa mlinzi hupotea bila habari kama mali nyingine. Miongoni mwa mahali ambapo jambo hili laweza kutazamwa kwa urefu wa miaka elfu na zaidi ni Kanisa Kuu la Hereford, magharibi ya Uingereza, karibu na mpaka wa Wales, kando ya mto Wye.

Hereford si mji mkubwa, wala haukupata kuwa makao makuu ya wafalme. Uaskofu wake huhesabiwa tangu mwaka 676. Kanisa limewekwa wakfu kwa majina mawili, la Bikira Mariamu na la Ethelbert, mfalme wa Waangle wa Mashariki aliyeuawa mwaka 794 kwa amri ya Offa, mfalme wa Mercia. Mji uliojengwa mpakani hupata mashaka ya mpakani, na Hereford haukusalimika. Mwaka 1055 Gruffydd ap Llywelyn wa Wales, akisaidiwa na bwana wa Kiingereza aliyeitwa Aelfgar, aliuvamia mji, akaliteka nyara kanisa na kulitia moto. Lakini kitabu kimoja kilichokuwa cha kanisa kabla ya siku ile kingalipo hata leo. Nacho ni kitabu cha Injili nne kilichoandikwa katika karne ya nane, juu ya ngozi, kwa mkono wa mwandishi ambaye jina lake halijulikani.

Kitabu hiki kina Injili, lakini si Injili peke yake. Katika kurasa zake zilizoachwa wazi ziliandikwa hati mbili za mambo ya ardhi, kwa Kiingereza cha kale. Moja yaeleza kesi iliyosikilizwa katika zama za mfalme Cnut, aliyetawala Uingereza tangu mwaka 1016 hata 1035. Baraza la wilaya lilikutana mahali paitwapo Aylton. Walikuwapo askofu Aethelstan, bwana mkuu Ranig, liwali wa wilaya na wakubwa wengine. Mtu mmoja, Edwin mwana wa Enniaun, akaja barazani kumdai mama yake mzazi mashamba ya Wellington na Cradley. Askofu akauliza ni nani atakayemsemea mama yule. Thurkil Mweupe akajibu kuwa ni yeye, kama angalijua madai yake. Kwa kuwa hakuyajua, baraza likachagua mabwana watatu wapande farasi waende Fawley alikokaa mama, wamwulize.

Mama yule alipoulizwa alisema kuwa hana ardhi yo yote iliyo haki ya mwanawe. Akamkasirikia mwanawe mno. Akamwita jamaa yake Leofflaed, mke wa Thurkil, akatamka mbele ya mabwana watatu kuwa ardhi yake, dhahabu yake, nguo zake na kila alicho nacho, baada ya siku zake, vitakuwa vya Leofflaed wala si vya mwana. Kisha akawaomba wale mabwana waupeleke usemi wake barazani kwa uaminifu na kuwashuhudisha watu wema wote. Wakafanya hivyo. Thurkil akasimama, akaliomba baraza limthibitishie mkewe mashamba yale, nalo likakubali. Akaondoka pale kwa idhini na ushahidi wa watu wote, akapanda farasi mpaka kanisa la Ethelbert, akataka jambo lile litiwe katika kitabu cha Injili.

Mwanafunzi wa historia hana budi kukaa kitako mbele ya habari hii, maana ndani yake mna chanzo cha kila hazina ya nyaraka. Thurkil hakukosa mashahidi. Baraza zima lilisikia. Lakini alifahamu kuwa mashahidi hufa, na wana hurudi kudai. Kwa hiyo alitafuta kitu ambacho hakifi upesi na ambacho hapana atakayethubutu kukichana, akakiona katika kitabu kitakatifu kilichokaa altareni. Hati ililindwa na heshima ya Injili. Hapo maktaba na masjala vilikuwa kitu kimoja, nayo sheria na ibada ziliandikwa juu ya ngozi moja. Kadhi wa Kiislamu na karani wa kanisa wangeelewana vema katika jambo hili, kuwa neno la haki halina budi kuwekwa mahali penye haya.

Baada ya moto wa mwaka 1055 kanisa lilijengwa upya, na vitabu vikaongezeka. Katika karne ya 12 Hereford ulisifika kwa elimu. Robert Grosseteste, aliyekuja kuwa askofu wa Lincoln na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Ulaya, aliwahi kumtumikia askofu wa Hereford alipokuwa kijana. Vitabu vya wakati huo vilikuwa aghalabu vitabu vya Maandiko vyenye maelezo pembeni, vitabu vya mababa wa kanisa na vya sheria. Kimoja kiliandikwa kati ya miaka ya 1262 na 1268, nacho kina sala na nyimbo za Hereford pamoja na alama za muziki wake. Kitabu hiki kilitoweka kanisani kwa muda mrefu, hata katika karne ya 19 kikaonekana katika duka la vitabu vikuukuu London, kikanunuliwa na kurudishwa kwao. Kingine ni Biblia iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na wafuasi wa Wycliffe. Pale malaika anaposema kuwa Yohana Mbatizaji hatakunywa kileo, mwandishi amekitaja kileo cha matufaha, ambacho ndicho kinywaji cha wenyeji wa Hereford. Wafasiri wa kila lugha hukutana na shida hii, ya kutafuta neno ambalo msomaji wao atalijua kinywani.

Nyaraka nazo ziliongezeka. Zimo hati za mashamba, hesabu za mapato na matumizi, maamuzi ya baraza la makanoni na barua zenye lakiri za wafalme. Kwa fahari kubwa kanisa lina nakala ya Magna Carta ya mwaka 1217, moja katika nne tu zilizobaki za toleo la mwaka huo. Kwa historia ya watu wa kawaida, pengine karatasi ya hesabu ya mwashi au ya mnunuzi wa nta ina faida kubwa zaidi, ila haina wa kuipigia ngoma.

Katika karne ya 16 mfalme Henry VIII alizivunja nyumba zote za watawa Uingereza, na maktaba zao zikatawanyika. Vitabu vingine viliuzwa, vingine vikachanwa ngozi zake zikafungie vitu vingine. Kanisa la Hereford liliepuka maangamizi hayo kwa sababu moja ya utawala, kwamba halikuendeshwa na watawa. Liliendeshwa na makanoni, na baraza lao likaachwa lidumu. Baadaye vikaingia humo hata vitabu vya watawa wenyewe, vilivyotoka Cirencester na Gloucester. Watu wawezao kusema kuwa maktaba hudumu kwa ubora wa vitabu vyake wautafakari mfano huu. Maktaba ya watawa haikuwa duni kuliko ya makanoni. Ilikosa mwenyewe, basi ikafa.

Sasa yafika habari ya minyororo. Kanoni Thomas Thornton, mtu wa Oxford, aliangalia maktaba mwanzoni mwa karne ya 17, na mwaka 1611 yakatengenezwa makabati mapya ya mti wa mwaloni, yakawekwa katika kikanisa cha Bikira Mariamu ndani ya kanisa kuu. Kila kabati lina rafu, meza ya kusomea na benchi. Mnyororo umefungwa ncha moja katika jalada la mbele la kitabu, na ncha ya pili imevishwa katika fimbo ya chuma ipitayo kwenye rafu. Mwisho wa fimbo pana kitasa na ufunguo. Mgeni aingiapo hushangaa kuona migongo ya vitabu imetazama ndani, na kingo za karatasi zimetazama nje. Sababu ni ya ufundi tu. Kitabu kikiwekwa hivyo, msomaji hukishusha mezani na kukifungua bila kukigeuza, na mnyororo hausokoti.

Watu wengi waonapo minyororo hufikiri juu ya kifungo, wakadhani kuwa wazee wale waliifunga elimu ili wasiipate wengine. Hapana kosa kubwa kuliko hilo. Kitabu ambacho mwenyewe hataki kisomwe hakihitaji mnyororo. Chatosha sanduku na kufuli. Vitabu vya zamani vilikaa hivyo masandukuni, na kuvisoma kulihitaji kumsumbua mwenye ufunguo. Mnyororo ulibuniwa ili kitabu kitoke sandukuni, kikae wazi chumbani, aje ajaye akisome, lakini asiondoke nacho. Kitabu kilichoandikwa kwa mkono kilikula ngozi za wanyama wengi na miezi mingi ya kazi, na kikiibwa hapakuwa na duka la kununua kingine. Mnyororo ulikuwa bei ya ukarimu. Kwa urefu wake ulipimwa ili ufike mezani, wala usifike mlangoni.

Maktaba ya Hereford ndiyo kubwa kuliko zote zilizobaki duniani zenye minyororo, fimbo na vitasa vyake vyote. Ina vitabu kama 1,500, na katika hivyo 229 ni vya mkono vya zama za kati. Lakini haikubaki kwa kuwa ilitunzwa sikuzote. Mwaka 1645, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mji ulitekwa na jeshi la Bunge, na baraza la makanoni likaondolewa kwa muda. Mwaka 1786 mnara wa magharibi wa kanisa ulianguka na kubomoa sehemu kubwa ya jengo. Maktaba iliyanusurika yote mawili. Yaliyokuja kuidhuru hayakuwa mabaya yaliyokusudiwa. Mwaka 1841 kikanisa cha Bikira Mariamu kilihitaji kutengenezwa, kwa hiyo vitabu vilihamishwa, na makabati ya Thornton yakavunjwavunjwa. Kwa muda wa karibu miaka 90 maktaba iliishi vipandevipande, vingine huku na vingine kule. Hapana aliyetaka kuiua. Ilihamishwa tu kwa muda, na huo muda ukasahauliwa.

Aliyeifufua ni Burnett Hillman Streeter, kanoni wa Hereford na mwanazuoni wa Agano Jipya. Alivikusanya vipande vya mbao, akazitazama alama za misumari na matundu ya fimbo, akapima, akalinganisha na maktaba nyingine za minyororo, hata akafahamu jinsi kila kabati lilivyosimama hapo kwanza. Makabati yakaunganishwa tena, na mwaka 1931 akatoa kitabu kilichoeleza historia ya maktaba za namna hiyo. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mtu aliyezoea kupima nakala za Injili ili kujua ipi imetoka katika ipi, ndiye aliyeweza kuusoma ubao kama hati. Baada yake F. C. Morgan, aliyekuwa pia mkutubi wa mji, na binti yake Penelope, walizitumikia nyaraka na vitabu kwa miaka mingi, wakiorodhesha na kuwajibu waliotaka habari. Kazi ya namna hiyo haina tarehe moja ya kukumbukwa, na kwa sababu hiyo hukosa nafasi katika vitabu vya historia. Lakini hati isiyoorodheshwa ni kama kisima kisichojulikana kilipo: maji yamo, na watu wafa kiu.

Pamoja na vitabu hivi Hereford una ramani ya dunia iliyochorwa karibu na mwaka 1300 juu ya ngozi moja ya ndama, yenye urefu wa meta 1.58 na upana wa meta 1.33. Mtungaji wake, Richard wa Haldingham au Lafford, amewaomba wote watakaoimiliki, kuisikia, kuisoma au kuiona wamwombee. Mashariki iko juu na Yerusalemu iko katikati. Imechorwa picha kama 500 za miji, wanyama, mimea, mambo ya Biblia na hadithi za Wayunani. Msomaji wa Afrika ya Mashariki ataitazama kwa jicho lake mwenyewe. Mwandishi aliyeandika majina makubwa kwa dhahabu alikosea, akaliandika jina la Afrika juu ya Ulaya, na jina la Ulaya juu ya Afrika. Tena ukingoni mwa Afrika, upande wa kusini, amepangwa msururu wa viumbe wa ajabu, na miongoni mwao watu wasio na vichwa, wenye macho vifuani. Karibu na wakati huohuo Kilwa ilikuwa mji wa biashara ya dhahabu, wenye msikiti wa mawe, na mwaka 1331 Ibn Battuta alifika akauona na kuusifu. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa watu wenye vichwa vyao timamu.

Je, hati yenye makosa kama hayo yastahili gharama ya kuhifadhiwa? Yastahili, na huenda yastahili zaidi kwa sababu ya makosa yake. Ramani hii haitufundishi Afrika ilivyokuwa. Yatufundisha jinsi watu wenye elimu walivyoweza kuijaza nchi wasiyoijua kwa vitisho walivyorithi vitabuni. Lau ingalitupwa wakati elimu ya jiografia ilipoendelea, dunia ingalipoteza ushahidi wa chanzo cha dhana nyingi zilizokuja kuleta madhara baadaye. Mhifadhi mwema haulizi kama hati inasema kweli. Auliza kama ni kweli kuwa ilisemwa.

Ramani hiyo ndiyo iliyoleta fitina kubwa ya mwisho. Mwaka 1988 kanisa lilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha, na baraza lake likatangaza nia ya kuiuza ramani kwa mnada. Ilitazamiwa kuleta pauni milioni 7 au zaidi. Kelele zikawa nyingi nchini na nje. Haifai kulihukumu baraza lile kwa haraka, maana neno lake lilikuwa na uzito. Jengo la kale hula fedha bila kushiba, maktaba nayo ilihitaji makao na mlinzi, na wenye nyumba walijiuliza kama si afadhali kutoa kimoja ili kuokoa vingi. Mwenye jahazi lililoelemewa hutupa shehena baharini, wala hapana amlaumuye.

Lakini waliopinga nao walikuwa na hoja, nayo ilikuwa ya asili ya nyaraka zenyewe. Mzigo wa jahazi ni mali ya mwenye kuutupa. Hazina ya kanisa si mali ya kizazi kimoja. Kila kizazi ni mweka amana tu, amepokea kwa waliokufa na atawakabidhi ambao hawajazaliwa. Tena ramani iliyokaa mahali pamoja na vitabu vilivyosomwa na watu wa zama zake ina maana ambayo haiwezi kuibeba ikitundikwa peke yake kwa tajiri wa mbali. Mwisho suluhu ilipatikana. Mfuko wa taifa wa kumbukumbu za urithi ulitoa pauni milioni 2, Paul Getty akatoa milioni 1, na pakaundwa udhamini wa kuitunza ramani papo hapo Hereford. Mwezi wa Mei 1996 Malkia Elizabeth II alifungua jengo jipya la mawe katika uwanja wa kanisa, na ndani yake ramani na makabati ya Thornton yakawekwa, vitabu vikining'inia minyororo yao kama mwaka 1611. Mwaka 2007 ramani iliandikwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Katika jengo hilo adui wa zamani amepata kizuizi kipya. Ngozi ni kitu chenye asili ya uhai; hewa ikiwa na unyevu hutanuka, na ikikauka hujikunja, na katika kutanuka na kujikunja wino huachana nayo. Unyevu ukizidi huleta ukungu, na ukungu huita wadudu. Kwa hiyo joto na unyevu hupimwa, na mwanga hupunguzwa. Lakini vipimo hivi vyote ni watumwa wa jambo moja lililokwisha kuonekana katika historia nzima. Injili ya karne ya nane iliokoka moto wa 1055 bila kipimo cho chote cha hewa, na makabati ya Thornton yalivunjwa wakati wa amani na mafundi wema. Kinachoamua ni kama yupo mtu ajuaye kilichomo, na kama wapo watu wakitumiao.

Yule mama wa Fawley alikuwa na hakika na neno lake. Aliwatuma mabwana watatu, nao walilifikisha, Thurkil akaliandikisha, na mikono isiyohesabika ikalipokezana kwa muda wa miaka elfu. Hata leo msomaji ajua mashamba yake yaliitwaje, mwanawe aliitwa nani, jamaa yake aliitwa nani, na hasira yake ilikuwa kubwa kiasi gani. Jina lake yeye mwenyewe karani hakuliandika.